Mkaa Ndani ya Jino

Kama unasoma haya huku umeshika shavu, sitakuchosha. Najua mwenye jino bovu hasomi, anapitisha muda. Basi pitisha na mimi. Nilikaa karibu mwaka mzima na jino moja, nikitoka nyumbani kwangu Ganako kwenda hospitali na kurudi kwa miguu, na nikaona mdomoni mwangu mambo ambayo sikujua kama binadamu huyabeba. Mimi mwenyewe nimepona. Habari ya jino nitaifikia.

Nauza vibuyu. Nanunua kwa wakulima wa huku Karatu, na vile vya shingo ndefu vinanijia kutoka Digodigo kwa mgongo wa punda, kisha navipandisha Ngorongoro kwa wafugaji wanaoweka humo maziwa. Ni kazi ya mdomo. Mama wa Kimaasai akishika kibuyu changu atakinusa, atakigonga kwa ukucha, atakiinua juani, halafu atataja kasoro tatu. Mimi nazihesabu upya, naona mbili, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Sijawahi kukubali hesabu ya mtu kwa mara ya kwanza, hata ya padre.

Jino lenyewe ni la mbele, juu, upande wa kushoto. Punda wangu aliinua kichwa wakati mimi nainamisha changu, na kati yetu wawili mimi ndiye niliyeumia. Jino likalegea wiki moja, likakaza, nikasahau. Miaka ikapita, likaanza kubadilika rangi. Kwetu meno ya kahawia si habari, maji yetu ndivyo yalivyo, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza na mimi sikujiuliza.

Ilikuwa ile miaka ya uhaba baada ya vita, tulipokuwa tunapanga foleni ya sabuni bila kujua kama ni ya sabuni au ya chumvi. Julai ikaja na baridi yake, ukungu ukishuka kutoka ukingo wa kreta mpaka mashambani. Asubuhi moja niliamka mdomo wa juu umeipita pua. Kufikia mchana jicho la kushoto lilikuwa limebaki mstari. Nikajitazama kwenye kioo cha mume wangu cha kunyolea, nikamwona mtu ambaye kama angekuja kununua kibuyu, ningevihesabu vyote baada ya yeye kuondoka.

Zahanati wakanichoma sindano siku tano. Uvimbe ukashuka, ila ukaacha kitu nyuma: kipele juu ya ufizi, mahali pale pale penye jino, kidogo kama mbegu ya ulezi. Kikijaa kinauma. Kikipasuka mdomo unajaa chumvi na ladha ya kitu kilichooza. Halafu kinafunga, kinaanza upya. Nikakihesabia: siku nne kujaa, siku moja kupasuka. Nikahesabu tena mwezi mzima, haikubadilika. Sijawahi kukutana na mteja mwenye ahadi ya kweli kama ile.

Harufu ndiyo iliyonishinda. Nilianza kuongea nimefunika mdomo kwa khanga, kisha nikaacha kula pamoja na wengine, nikasema nimeshiba. Hakuna aliyeniambia nisogee. Ila mume wangu, Baba Tluway, alianza kuketi mlangoni jioni, akasema ndani kuna moshi, na siku hizo moto ulikuwa haujawashwa.

Yeye alitaka ling'olewe, na hapa ndipo ugomvi wetu ulipolala. Mama yangu mzazi alikufa kwa jino. Lilivimba, akavumilia wiki tatu, kisha mtu mmoja mwenye koleo akaling'oa, na baada ya siku nne shingo ikajaa, akashindwa kumeza, akashindwa kupumua. Mimi nilihesabu tangu koleo: siku nne. Mume wangu alihesabu tangu uvimbe: wiki tatu. Kwangu mama aliuawa na kung'olewa, kwake aliuawa na kungoja. Na wote wawili tulikuwepo, mmoja ameshika kichwa, mwingine miguu. Mtu hawezi kubishana vizuri juu ya jambo kama hilo. Tuliacha kubishana, tukaacha na kuongea.

Mwezi wa nane nikaenda hospitali ya misheni, kwa sharti langu mwenyewe kwamba naenda kuuliza tu.

Pa kungojea palikuwa ubao mmoja mrefu barazani. Daktari wa meno alikuja siku ya Jumatano tu, iwapo gari limepata mafuta. Siku ile tulikuwa kumi na tisa. Nikahesabu tena tukawa ishirini, maana mara ya kwanza sikujihesabu. Kwenye benchi la meno hakuna anayeringa. Mwalimu, mchungaji, dereva wa lori, wote wamefunika midomo kama waliotoka kuiba asali. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kimaasai mwenye lile pengo la mbele, chini, ambalo wao huliweka kwa makusudi utotoni. Akanieleza kwamba yale mawili yalitolewa kwa kisu naye hakupepesa jicho. Leo amekuja kwa la tatu, na tangu asubuhi machozi yanamtoka yenyewe. Alisema hivyo bila aibu, kama anayeeleza hali ya hewa.

Daktari Elisante alikuwa Mchaga kijana mwenye mikono mikubwa. Nilipoiona ile mikono nikataka kurudi nyumbani. Lakini aliinua mdomo wangu kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayefunua chungu cha mtu mwingine, akatazama kipele, akanipeleka kupigwa picha.

Ile picha aliishika dirishani tuitazame pamoja. Nataka nikueleze nilichokiona, maana kwa siku nyingi sikuweza kukisahau. Nilidhani jino ni hiki kinachoonekana ukicheka. Kumbe hicho ni kichwa tu. Mwili umezikwa ndani ya mfupa, mrefu kuliko kichwa, na katikati yake unapita mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Daktari akasema huo ni mfereji, mshipa wa jino ulikuwa humo, ukafa siku ya punda. Na juu ya ncha ya mzizi palikuwa na kivuli cheusi cha mviringo, kama harage. Nikauliza harage ni kitu gani. Akasema si kitu, ni mahali ambapo mfupa haupo tena. Uchafu wa mfereji unavujia pale, na mfupa unaukimbia, unarudi nyuma kidogo kidogo.

Mimi niliyekuwa naangalia ndani ya vibuyu vya watu miaka yote, sikujua kama nina shimo kichwani.

Akaniambia kung'oa ni dakika ishirini. Nikamwambia habari za mama, kwa kifupi. Akasikiliza, akasema ipo njia nyingine ambayo haifanyi mara nyingi, kwa sababu watu wanatoka mbali na hawarudi. Anatoboa jino kwa nyuma, anakwangua mfereji kwa tupa nyembamba kama mwiba, anauosha kwa dawa, anafunika kwa simenti ya muda, na ukitulia anaziba moja kwa moja.

"Naosha mara tatu," akasema. "Kipele kikikauka, naziba. Kisipokauka, nang'oa siku hiyo hiyo."

"Mara tano."

"Mama, hapa si mnadani."

"Basi nne, Daktari. Tatu zako na moja yangu."

"Tatu."

Nikanyamaza kidogo, ile ya kumfanya mtu aongeze. Hakuongeza. Alikuwa anamtazama mzee wa Kimaasai mlangoni. Mnadani mtu hunibembeleza nikigeuza mgongo, huyu angefurahi nafasi imepatikana. Nikakubali tatu.

Uoshaji wa kwanza nilishika mikono ya kiti mpaka vidole vikafa ganzi kuliko mdomo. Tupa ziliingia moja baada ya nyingine, na kwa kuwa mshipa ulikuwa umekufa sikusikia uchungu, nilisikia sauti tu: kitu kinakwaruza ndani ya mfupa, karibu na jicho. Dawa yenyewe ilinukia kama ile ya kung'arishia mashuka. Akanieleza kwamba inaua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyooza, lakini ikisukumwa ikapenya ncha ya mzizi inaunguza mtu. Wakati anasoma aliwahi kuona uso wa mwanamke ukivimba mbele ya macho yake. Kwa hiyo aliimimina kwa woga, tone kwa tone, kama mtu anayeongeza mafuta kwenye taa inayowaka. Halafu akakausha kwa vijiti vya karatasi vyembamba sana, akafunika.

Kipele kilinywea. Siku ya sita nikala na wengine. Siku ya saba kikarudi.

Uoshaji wa pili ulikuwa baada ya wiki mbili, na mambo yalikuwa yale yale, ila benchini tulikuwa kumi na wanne. Safari hii kipele hakikungoja hata siku ya saba. Siku ya tano nilijilamba ufizi nikaonja chumvi.

Baba Tluway alisubiri mpaka tumemaliza kupukuchua mahindi ndipo akasema. Alisema daktari mwenyewe ametaja mara tatu, mbili zimekwisha, nami nataka kuambiwa mara ngapi? Usiku wa mazishi ya mama nilikuwa nimeapa kwamba koleo halitaingia mdomoni mwangu nikiwa hai, na sasa nilikuwa nimelikubalia mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya shahidi mwenye pengo.

Katikati ya kungoja Jumatano ya mwisho nikapandisha vibuyu Ngorongoro. Mnada haungoji jino. Vumbi la mwezi wa tisa lilikuwa kali, nikajifunga khanga mpaka machoni na kufanya biashara kwa vidole. Koko Nalepo, bibi mmoja aliyezaliwa Oloipiri na kuolewa huku juu, ni mteja wangu wa siku nyingi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogopa pua za watu. Akanivuta khanga ikashuka.

"Mdomo wako," akasema, "ni kibuyu kilichooshwa na mkwe mwenye haraka."

Nikamweleza. Akacheka, akaniketisha chini, akachukua kibuyu chake cha maziwa kuonyesha. Alimimina maji ya moto kidogo tu, akaingiza ufito mrefu wenye singa za mkia wa ng'ombe, akaupandisha na kuushusha taratibu, akamwaga, akarudia. Kisha akachukua kijiti cha oloirien kilichoungua, mti ule wanaoupenda kwa harufu ya moshi wake, akakisugua ndani mpaka kibuyu kikanukia vizuri. Akasema maji ndiyo yanayosafisha na moto ndio unaotunza. Alinionyesha mambo mawili. Mimi nikaondoka na moja, lile jepesi, pamoja na kijiti cha oloirien alichonipa.

Sasa soma hapa kwa makini. Nitakuambia nilichofanya, si ili ufanye.

Kesho yake mchana, nyumba ikiwa tupu, nilikaa mlangoni na kile kioo cha kunyolea. Nikaichokoa simenti ya daktari kwa pini. Nikachoma ncha ya oloirien, nikaisaga, nikachukua unyuzi wa ufagio nikaupaka ule mkaa, nikauingiza kwenye tundu nyuma ya jino. Uliingia. Ukaingia zaidi. Nilishangaa unyuzi wa ufagio unavyoweza kupotea ndani ya kichwa cha mtu. Nikasugua, nikaongeza mkaa, nikasugua. Nikaziba kwa nta. Na mdomo ukanukia kweli, ukanukia boma zuri la asubuhi. Nikajiona nimewapita madaktari wote wa mkoa.

Siku ya pili mdomo ulianza kuvimba. Siku ya tatu nilikuwa nimerudi Julai, jicho mstari. Mume wangu aliinuka alfajiri, akavaa koti, akasema tunakwenda wote. Ilikuwa Jumatano.

Nilipita benchi lote bila kupanga foleni, maana walioniona walisogea wenyewe. Daktari akanichoma ganzi, akaninywesha vidonge, akajaza pamba pande mbili, akageuza kioo chake kidogo.

"Nani ameingia humu?"

Nikainua mkono. Akatoa pamba.

"Umeweka nini?"

"Mkaa."

"Mkaa."

"Si wa kupikia, Daktari. Wa oloirien."

Aliweka kioo chini. Akamtazama mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, na mume wangu akatazama dari. Nikaeleza kuhusu vibuyu, nikijua kila neno linanisogeza karibu na koleo. Aliponijibu hakupaza sauti.

"Mama, jino si kibuyu."

"Linanuka vile vile."

Akafungua tundu vizuri, usaha ukatoka, nikapumua. Akasema kabla ya lolote lazima mkaa utoke, hata kama jino ni la kung'olewa hataki kuuona. Akaosha. Bomba la sindano la kwanza lilitoa maji ya kijivu. La pili yakawa na vumbi dogo. La tatu yakatoka safi kabisa, nikayaona kwenye bakuli, safi kama ya kisima. Akasema basi, umetoka. Akachukua kijiti cha karatasi cheupe, akakiingiza kukausha, akakitoa.

Kilikuwa cheusi. Si chote, robo ya mwisho tu, upande wa ncha.

Akaosha tena, mabomba mawili. Maji safi. Kijiti cha pili: kikatoka cheusi nchani. Akaosha mara ya tatu, kwa uangalifu wake ule ule, na maji yakawa safi, na kijiti kikawa cheusi. Alivipanga vyote vitatu juu ya kitambaa, akaketi kwenye kigoda chake. Nje mtu alikohoa. Nikaona uso wake umebadilika, na haukuwa wa hasira.

"Haifiki," akasema, lakini si kwangu.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, si kwa akili, kwa kazi. Nikamwambia kwa mdomo uliokufa ganzi, maneno yakitoka kama ya mlevi. Kibuyu cha shingo nyembamba ukikimiminia maji, yanakaa juu ya hewa. Hewa imejifungia chini, haina pa kutokea. Unamwaga, yanatoka maji masafi, unaridhika, na chini bado kuna maziwa ya juzi.

Akanitazama. "Wafugaji wanafanyaje?"

"Maji ya moto. Kidogo, si mengi. Halafu ufito, juu chini, juu chini, polepole. Unamwaga, unaanza tena. Hakuna anayesukuma."

"Mara ngapi?"

"Mpaka kiache kunuka."

Alicheka kwa pua. Akasema chuoni walimfundisha kukoroga dawa kwa tupa baada ya kumimina, na anakoroga kila siku, ila kwa benchi lile la watu ishirini amekuwa akikoroga kama mtu mwenye chai isiyo na sukari. Na kwa kuogopa kuunguza watu, hakuwa akikaribia chini. Alisema hayo mbele ya mume wangu na muuguzi. Sijasikia wafanyabiashara wengi wakitaja kasoro ya bidhaa yao wenyewe.

Akaiweka chupa ya dawa ndani ya sufuria la maji ya moto ya kuchemshia vyombo. Ilipopata uvuguvugu akamimina matone mawili. Akachukua tupa nyembamba kuliko zote, akaipima kwa ile picha, akaifunga kipande cha mpira mahali pa kuishia ili isipite ncha, akaipandisha na kuishusha. Hakusukuma. Nilisikia kitu kama mapovu madogo yakipanda ndani ya uso wangu. Akaifyonza kwa pamba, na pamba ikawa nyeusi kama imepanguswa kwenye sufuria. Akamimina tena. Akapandisha, akashusha.

Muuguzi alishika bakuli, mimi nilishika hesabu. Kijiti cha nne: cheusi. Cha tano: cheusi, ila ncha tu. Cha sita na cha saba vilifanana, nikamwonyesha kwa kidole aangalie tena, akaangalia tena. Cha nane kijivu. Cha tisa kijivu cha mbali. Cha kumi kilikuwa na nukta moja. Aliosha mara mbili zaidi kabla ya kuingiza cha kumi na moja.

Kilitoka cheupe mpaka mwisho.

Alikiweka mwishoni mwa mstari. Tulikitazama wote wanne. Nimeona kreta asubuhi ukungu ukifunguka, na wazungu wanalia wakiiona, nami huwa nawaza tu kama wana nafasi garini. Lakini kile kijiti kimoja cha karatasi kilinifanya nisahau kumeza mate. Mara mbili za kwanza dawa ilikuwa imeosha shingo ya jino, na chini mauti yalikuwa yameketi salama. Uchafu wenyewe hauna rangi, asingeweza kujua.

Hakutaja koleo. Nami sikumkumbusha kwamba ilikuwa mara ya tatu.

Alipokuwa anafunika aliniomba nisiwaambie watu kwamba mkaa ulisaidia, wasije wakaja na majiko. Namtii kwa moyo: haukusaidia. Uliniletea homa na kunirudisha Julai, na kama usaha ule ungeshuka shingoni nisingekuwa naandika. Mkaa ulionyesha tu mahali ambapo maji hayafiki. Wewe usiingize kitu kwenye jino lililofunguliwa, hata kama ni safi kiasi gani. Ila ukikaa kwenye kile kiti, na kipele kinarudi baada ya kuoshwa, muulize daktari wako kwa heshima kama dawa inafika chini, na anajuaje. Hatakasirika. Akikasirika, muulize tena. Na kama umeshafanya upuuzi kama wangu, mwambie kabla hajafungua. Nimeona watu wakificha aibu mdomoni kana kwamba mdomo hautafunguliwa.

Siku zilizofuata Baba Tluway alinisimamisha mlangoni kila asubuhi penye mwanga, akainua mdomo wangu kwa kidole gumba. Siku ya kwanza akasema bado. Ya pili bado. Ya tano, tarehe ya kawaida ya kipele, kilikuwepo lakini kimesinyaa kama ganda. Ya saba akatazama, akaniambia nigeukie jua, akatazama tena.

"Hakipo."

Akabonyeza ufizi. Hakuna kilichotoka. Akanusa, jambo ambalo mume wa Kiiraqw halifanyi mchana kweupe. Kisha akaketi kwenye kizingiti kama mtu aliyetua gunia, na kwa mara ya kwanza tangu Julai akamtaja mama. Akasema tungemleta mapema, angeng'olewa mapema au angeoshwa mapema, yote yangekuwa sawa. Nikaketi karibu naye. Jioni ile alikula ndani.

Oktoba, daktari akauziba mfereji kwa kitu kama mpira wa rangi ya waridi, na kabla ya kuziba aliosha tena kwa njia ile ya vuguvugu na ufito, na nilipita benchini nikamsikia muuguzi akimwambia mgonjwa aliyelalamika kuchelewa kwamba siku hizi daktari anakoroga mpaka sukari iyeyuke. Jino likabaki na rangi yake ya kahawia. Nikawa nauma muhogo kwa upande wa kulia kwa kuogopa, halafu kwa mazoea.

Lakini daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba kipele kukauka si mwisho. Kama harage lile jeusi litaendelea kukua, jino litatoka tu, hata likiwa limezibwa kwa dhahabu. Nirudi masika apige picha. Kwa hiyo usinione nilikuwa nacheka. Vuli ikanyesha, mahindi yakapandwa, nikauza vibuyu, na kila nilipolala chali nilikuwa na shimo juu ya jino ambalo mimi na yeye tu tulilijua.

Nilirudi mwezi wa nne, matope mpaka magotini. Watu benchini walikuwa saba, kwa sababu ya barabara. Akanipiga picha, akaisubiri ikauke, akazishika zote mbili dirishani, ya zamani kushoto na mpya kulia. Nikalitafuta harage. Kushoto lilikuwepo, jeusi, mviringo. Kulia nilitafuta kwa jicho moja, nikatafuta kwa mawili. Mahali pake palikuwa na kijivu, na ndani ya kijivu vimstari vyeupe vyembamba sana vimepitana kama utando wa buibui uliopata umande.

"Liko wapi?"

"Mfupa umerudi," akasema. "Jino ni lako."

"Umeweka nini pale?"

"Sikuweka kitu. Mimi niliziba mfereji, mwisho hapa." Akaonyesha kwa ukucha. "Huku juu sijawahi kufika."

"Sasa nani amejaza?"

"Wewe."

Nikafikiri ananitania, nikamtazama, hakuwa anatania.

"Lini?"

Akafikiri kidogo. "Sijui. Ukiwa mnadani labda. Ukiwa unabishana na watu."

Nikamwomba aniinulie ile picha dirishani tena.